Mstari wa Mwisho

Mara ya kwanza Bi. Zamaradi Zongo alipopiga simu
kutoka Mbagala Kizuiani, nilimwambia avute subira.
Mara ya pili, afute ujumbe wa zamani, huenda simu imejaa.
Mara ya tatu hakunipa nafasi:
"Maji nalipa. Risiti siioni. Jirani zangu wote wanazo.
Au mna jambo na mimi?"

Sina jambo naye. Nina programu mbili:
mzazi, anayesoma orodha ya walipaji wa kisima,
na mwana, anayeyapokea majina kupitia bomba
na kutuma risiti.
Bomba tunaliita bomba. Utani huo sikuuchagua mimi.
Huku huingia majina mia tatu na kumi na mawili,
kule hutoka mia tatu na kumi na mawili.
Siku nyingine, mia tatu na kumi na moja.

Naye kwa alfabeti, maskini,
Z juu ya Z, ndiye anayefunga orodha.

Nikakaa Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
dirisha likitazama kibanda cha chipsi,
nikaituma orodha. Kamili.
Nikaituma tena. Kamili.
Nikaandika kitanzi, mara elfu moja, nikashuka kula
wali maharage kwa Mama Tunu, nikapanda:
mara elfu, kamili, hakuna jina lililotoroka.
"Mbona kwangu inafanya kazi," akasema Shomvi,
neno ambalo kwenye kazi yetu ni tusi.

Ziko homa za watoto za namna hii.
Usiku kucha anachemka, mama halali,
alfajiri mkifika mlango wa zahanati
mtoto anaomba andazi,
na daktari anakutazama wewe.

Nikamwekea mzazi masharti:
kila jina ukilituma, sema umelituma.
Akasema, jina kwa jina, polepole,
na hitilafu ikakoma hata kule Mbagala.
Nikaondoa masharti.
Zamaradi akapiga simu.

Wiki ya tatu, Alhamisi, saa tisa alasiri,
umeme ukakatika.
Feni ikazunguka mizunguko yake ya kuaga.
Jenereta la chini halina dizeli tangu Jumatatu.
Kompyuta yangu ikashika betri, asilimia arobaini na moja,
kitanzi kikiendelea, mimi nikijipepea kwa bahasha:

312
312
311

Nilipiga kelele, muuza chipsi akainua kichwa.

Umeme uliporudi, kamili. Nikachomoa waya.
311.
Nikachomeka. Nikachomoa. Shomvi akasimama mlangoni
akiniangalia kama ndugu wa mgonjwa.

Kwenye betri mashine hubana matumizi
kama sisi sote tarehe ishirini na nane;
mwana huchelewa kumeza.
Mzazi akishamwaga jina la mwisho haangalii nyuma,
anazima kila kitu, na mwana akiwamo,
na Zamaradi bado yuko kooni mwa bomba.
Kumbe yale masharti yangu yalikuwa yanamchelewesha mzazi,
mwana akapata kumeza.
Na kule ofisi ya kisima, kompyuta yao kuukuu
hushinda kwenye betri.

Tiba ilikuwa mstari mmoja.
Ukishatuma, funga bomba lako, kisha ngoja:
mwana amalize, aseme mwenyewe amemaliza.
Wiki tatu, kwa neno "ngoja".
Simu ile ya kwanza, nakumbuka,
niliikata Bi. Zamaradi akiwa katikati ya sentensi.

Usiku ule ule nikaziachia risiti zake zote za nyuma,
nane, mfululizo, nikasubiri
hadi ya nane ikafika.
Nikaegemea kiti. Simu yangu ikaita.
"Nimeziona," akasema, sauti nzito ya usingizi.
"Lakini saa sita za usiku, mwanangu?
Si ungengoja kukuche?"