Fungu la Nane

Umeniachia majogoo tisa, Belarmino,
na daftari lisilo na hesabu, ila majina ya rangi:
kijivu cha chuma, kijivu cha maji,
kahawia ya mkate ulioungua.
Mimi niliyekuwa nikiwatupia mahindi tu
sasa nawapakata jikoni, mlango nimefunga,
theluji ingali mlimani.

Jogoo akishikwa vizuri hapigi kelele.
Ulisema: kamata unyoya shinani, vuta mara moja,
kama unayemtoa mtoto mwiba.
Nikivuta nusunusu ananitazama
kwa jicho lile la njano, la hakimu.

Halafu maji ya vuguvugu, sabuni ya kufulia, kidogo tu.
Suuza, kung'uta, puliza.
Pumzi inaufungua: nyuzi zake zinasimama mojamoja,
zinameta,
au hazimeti, na huo unakwenda kwenye kikapu cha mito.

Kukagua ni dirishani, saa nne, si kwa taa.
Trauti wa Curueño, ulisema, hajui bei wala ukoo wa kuku;
anajua mwanga unavyopenya bawa la mdudu, basi.
Kwa hiyo nauinua: unapenyeza?
Naukunja: unarudi?
Naupitisha juu ya mdomo, taratibu,
kama ulivyokuwa ukifanya, nami nakucheka.

Mnunuzi wa Oviedo anakuja Alhamisi.
Fungu ni manyoya kumi na mawili, uzi mwekundu,
ncha sawa kwa sawa.
Nimefunga mafungu saba.
La nane lina kumi na moja.

Nimerudi bandani. Wote wameshatoa.
Yule mwenye kidole kilichopinda
amejificha nyuma ya pipa, na ana haki.

Kofia yako ipo palepale kwenye msumari.
Unyoya ule ulioutembeza kanisani, mnadani,
hata hospitali siku ile:
miaka ishirini nikidhani hakuna bora kuliko huo
bonde zima.
Nimeuchomoa. Nimeupeleka dirishani.

Butu.
Ncha imeliwa na nondo,
na ukiukunja, unabaki umekunjika.
Wa kikapu cha mito, Belarmino!
Wazuri wote uliuza, ukajivika makapi,
ukatembea kichwa juu kama askofu.

Nimecheka hadi majogoo wakawika saa sita mchana.
Kisha nimeuchomeka tena kofiani, upande uleule,
na kwenye fungu la nane nimefunga karatasi:
kumi na moja. Punguza bei.