Kama Una Swali

Aliponiambia, "Haya, nawe kama una swali uliza,"
kalamu keshaifunika, jicho limo mlangoni
kwa mteja agongaye sufuria
asikilize kama ina ufa.

Mama aliniusia asubuhi, akinipigia pasi buibui:
Ukiambiwa uliza, sema sina.
Swali ni la mwenye duka,
lako wewe ni kuitika.

Nami nilikuwa nayo saba.
Nimeyaandika usiku kwa taa ya simu
nyuma ya stakabadhi ya karafuu ya baba,
kilo kumi na mbili na nusu, daraja la pili,
yamelala mkobani, yamekunjwa mara nne,
ubavuni mwa cheti changu cha Fomu Foo.

La kwanza jepesi, la kufungulia kinywa:
mnafungua saa ngapi?
Jibu lake limebandikwa mlangoni, kwa herufi nyekundu.
Nikaliacha.

La pili: mnafunga saa ngapi?
Maana kufunga mlango si kufunga duka.
Kuna sahani za kuhesabu, kuna sakafu ya kupiga deki,
na gari ya mwisho ya Vitongoji
haingojei hesabu ya sahani.

La tatu: ikipungua elfu tano katika droo,
na droo tumeishika watatu,
na mmoja wa watatu ni mwanao,
utakatwa mshahara wa nani?

La nne la kikombe. Ipo siku kitaponyoka;
mkono wa mtu si rafu.
Nitakilipa kwa bei uliyonunulia
au kwa bei unayouzia?

La tano ni la choo. Hilo niliona haya
hata kuliandika; niliweka nukta tu.

La sita nikalitoa. Sijui nani alinisukuma.
"Bwana Khalef, pale kwenye kaunta
sikuona kiti."
"Kiti cha nani?"
"Cha muuzaji."

Akacheka, wala si kwa ubaya,
cheko la mtu aliyeulizwa bei ya kivuli.
"Mteja hapendi kumkuta muuzaji kakaa, binti yangu.
Humdhania mvivu."
Akayasema hayo amekaa,
takia chini, takia nyuma,
feni yote imemgeukia yeye.

Basi la saba likatoka lenyewe, halikubisha hodi:
"Na Time, aliyekuwapo kabla yangu,
mbona aliondoka?"

Akaifunua kalamu. Akaifunika.
"Time kaolewa."

Nikasema, "Mungu awape kheri."

Time ni mtoto wa mama mdogo. Hajaolewa.
Jana usiku alikuwa kalala ukumbini kwetu,
miguu kaipandisha ukutani ishuke uvimbe,
kisigino kimoja kimeacha alama kwenye chokaa,
ananitajia maswali, miye naandika.
"Andika la kiti," akasema.
"Mengine yote ukiyasahau,
la kiti usilisahau."

"Jumamosi, saa mbili," akasema Bwana Khalef.
"Njoo na kitambulisho. Na viatu vya chini."
Nikaitika, kama nilivyousiwa.

Nje, mbele ya duka, mteremko wa Chake umejaa jua.
Mteja wa sufuria bado anagonga,
sasa anagonga nyingine.
Na pale ukutani, sikuviona wakati nikiingia,
vigoda vya plastiki, vyekundu na buluu,
vimepandishwa kimoja juu ya kimoja
hata vikanizidi kimo,
cha juu kabisa kimeandikwa bei: elfu nane.

Nikasimama. Nikapiga hesabu ya mwezi wa kwanza,
nikatoa nauli, nikatoa ya mama, nikatoa deni la buibui.
Kigoda kimoja kinatoka.

Nikaitafuta ile stakabadhi, nikaikunjua,
chini ya nukta ya choo
pamebaki nafasi ya mstari mmoja:

nikikinunua mwenyewe,
nikalipa, ukanipa risiti,
nitakikalia?