Shibiri Moja kwa Mwaka

Niliyaleta mashina matatu kutoka bustani moja ya Njiro,
yamefungwa kwenye viroba vya sukari, udongo bado mbichi.
Muuzaji aliapa: hii ni mianzi ya kukaa,
si ile inayotembea chini kwa chini kama umbea.
Na baridi, alisema, baridi ndiyo chai yake.

Nikaipanda Machame, juu, karibu na msitu,
palipokuwa na kahawa ya marehemu
iliyonyauka mwaka tuliomzika.

Mmoja buluu, una vumbi jeupe
kama shavu la mtoto aliyepakwa poda.
Wa pili huzaliwa kijani, jua likiugusa
huwa mwekundu kama ulimi uliotoka kunyonya barafu ya rozela.
Wa tatu zambarau nzito, karibu nyeusi,
rangi ya kitenge cha kuvaa msibani
mtu asiyetaka kuonekana analia.

Eliatosha Nkya akasimama upande wake wa masale,
panga mkononi, salamu hana.
"Mwalimu, huo mmea ni mgeni asiyeaga.
Kesho utaniotea uvunguni."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili.
Sibishani. Napima.
Nilizungushia kila shina uzi mwekundu,
na kila Januari nikalegeza fundo:
mwaka wa kwanza, vidole vinne;
wa pili, shibiri;
wa tatu, shibiri kasoro ukucha.
Machipukizi yameegemea mama
kama watoto wanaopigwa picha.
Nikamsomea daftari kupitia masale.
Akasema daftari ni langu na kalamu ni yangu.

Ikaja Julai ile, hata nyinyi wa mjini mliisikia.
Mlima umevuta shuka mpaka kidevuni,
mfongo unafuka moshi alfajiri,
migomba imeungua kwa baridi,
majani yananing'inia kama soksi zilizosahauliwa kambani.
Mianzi ikakunja majani yake,
membamba kama misokoto ya tumbaku,
ikangoja.
Saa nne jua lilipochungulia
ikayakunjua, moja,
moja.

Ndipo nikaona.
Matawi ya upande wa mashariki yamekatwa,
mkato wa mshazari, safi, wa panga lililonolewa.
Na nyayo za buti
zimetoka kwenye masale, zimerudi kwenye masale.
Ng'ambo ya pili ng'ombe wake alikuwa akitafuna
taratibu, macho chini,
kama aliyeonywa asiseme.

Nilichukua daftari. Nikaandika:
Mwanzi, mwaka wa nne, kuelekea mpakani: shibiri moja.
Nkya: hatua kumi na tisa.

Sikumwambia mtu.
Jumamosi nikakuta jani la isale
limefungwa fundo kwenye bua la buluu.
Fundo hilo kwetu halikataliwi.
Hata marehemu, na hasira zake zile,
hakuwahi kulikataa.

Nikangoja mvua za Machi zilainishe ardhi,
nikatafuta mtaimbo, nikaazima shoka,
nikapasua shina moja katikati.
Lilikuwa gumu. Lilitoa mlio
wa mlango wa nyumba isiyofunguliwa siku nyingi.
Nusu nikaiacha palepale,
nusu nikaibeba kifuani, matope mpaka kiunoni,
nikavuka masale, nikaitua kando ya zizi.

Eliatosha akaizunguka mara mbili.
Akabonyeza udongo kwa kidole cha buti.
Akakohoa.
"Mbona umenipa mweusi?"