Kubangua

Mama Mkubwa Somoe alipanda kutoka bondeni
hadi kwenye uzio wa mnara, Newala, saa tatu asubuhi,
ukungu haujaachia ukingo bado.
Simu kaifunga ndani ya leso pamoja na elfu mbili.
"Wewe ndiye fundi. Niambie kweli.
Juzi niliyeongea naye ni Dadi,
au ni mtandao?"

Nikalizima jenereta, betri zikapokea.
Huku juu jenereta likizimwa, masikio hurudi:
mtu anapuliza salfa kwenye mikorosho ya jirani,
mashine yake inakohoa, inanyamaza, inakohoa.

Mama, nikamwambia, kubangua si unakujua?
"Vidole hivi," akanionyesha, weusi wa mafuta ya ganda
ambao sabuni ilishindwa tangu mwaka gani sijui.
Basi sauti ya Dadi ikitoka kinywani kule Geita
simu yake huikata, sekunde moja vipande hamsini,
kila kipande hukipasua, ganda likatupwa,
ikachukuliwa punje:
koo limekaza kiasi gani,
ulimi umeegemea wapi,
pumzi ina nguvu ipi.
Huziandika sifuri na moja, sifuri na moja,
na hayo maandishi ndiyo yanayosafiri.
Sauti yenyewe hubaki Geita.
Hufia hewani, hatua chache kutoka mdomoni mwake.

"Inafia."

Ndiyo, Mama. Na maandishi hayaji peke yake.
Mkongo uleule, chini ya udongo kando ya barabara ya Masasi,
umebeba deni la salfa la chama cha msingi,
elfu thelathini za mke wa mtu,
picha ya mtoto aliyezaliwa usiku Ndanda,
nusu ya mechi, wachezaji wameganda mguu juu.
Picha ina subira. Ikipungukiwa kipande
huomba kirudiwe, ikakaa ikingoja.
Sauti haingoji. Kipande kikichelewa kinatupwa,
simu inabahatisha pengo, inaendelea,
nawe husikii kitu isipokuwa jina lako
limekatika kidogo katikati.

"Kwa hiyo aliyesema, nani?"

Simu yako. Ilisoma maandishi, ikamwigiza.
Inajua kuiga, Mama.

Akaiweka simu juu ya jiwe,
akaitazama kama mtu anayemtazama mkwe mpya.
Halafu:
"Na aliponyamaza?
Maana nilimuuliza habari ya shimo, akanyamaza.
Nikasikia upepo, kitu kama upepo,
nikajua yupo."

Hapo ningeweza kumdanganya. Miaka kumi na mmoja
nimepanda chuma hiki, najua pa kukanyaga.
Lakini aliniomba kweli.
Mtu akinyamaza, Mama, simu yake hupumzika,
haipeleki sauti, hupeleka neno moja tu: kimya.
Na kwa kuwa kimya kitupu humtisha msikilizaji,
akadhani laini imekufa, akakata,
simu yako hutengeneza mvumo wake yenyewe.
Ule upepo haukutoka Geita.
Ulitengenezwa kiganjani mwako.

Nilidhani atalia. Akacheka,
kicheko kifupi cha puani.
"Kumbe ndiyo maana mmechoka, mafundi.
Mwanangu, upepo nao sina haja nao.
Kile kimya nakijua. Ni cha baba yake
siku aliyouza shamba la Mkunya bila kutuambia.
Nilikiosha kile kimya, nikakibeba mgongoni,
nikakipeleka kliniki.
Hicho hakikupita kwenye mnara wako."

Akafungua leso. Akanipa elfu mbili,
zina joto na harufu ya karafuu.
"Muunganishie Dadi kifurushi.
Sio cha intaneti. Cha kuongea.
Anipigie tena,
aninyamazie vizuri."

Nikawasha jenereta. Alikuwa ameshashika njia ya bondeni,
na simu yangu mfukoni ikatetemeka mara mbili:
kwanza ombi langu limekamilika,
kisha, kama kila nikisimama upande huu wa uzio,
nimekaribishwa Msumbiji.