Kisanduku cha Subiri

Kwanza niliandika 3.
Nilimaanisha saa tatu asubuhi,
duka limeshafagiliwa, chetezo kimepata kaa lake la kwanza.
Mashine, isiyozaliwa Langoni,
ikahesabu vyake: saa tisa usiku
simu mia mbili na kumi na nne zikalia
kutoka Mkomani hadi Matondoni:
*Mpenzi, udi wako umekwisha?*

Mzee Famau alikuja mbio na shuka ya kulalia.
"Simu ya saa hiyo ni ya msiba," alisema.
"Nimefika nusu ya innalillahi
ndipo naona bei ya mavumba."
Shangazi Bishara akamfungia asumini bure,
kisha akanitazama mimi.

Basi nikajifunza kuchelewesha.

Mtu akitia chupa kikapuni akaondoka bila kulipa,
subiri saa moja: unaonekana umemshika shati.
Subiri siku mbili: kashanunua kwa jirani,
tena anakupitia mlangoni ananukia.
Saa tano, basi. Nikajaribu sita. Nikarudi tano.
Ijumaa, tangu adhana hadi watu watoke, nyamaza.
Ramadhani usimbishie mtu hodi sambusa zikiwa mafutani,
ngoja watoke tarawehe, wepesi wa moyo na wa mkoba.
Tola moja ya udi, siku ishirini na tano.
Nyumba yenye bi harusi, kumi na moja.
Subira yavuta heri, sawa,
lakini aliyesema hakutaja dakika,
na kisanduku hiki kinataka nambari.

Halafu Mwanashee.
Siku ya ishirini na tano, saa nne kasorobo, kama nilivyopanga,
ujumbe ukamfikia:
*Mfukizie mwenyewe, arudi mapema nyumbani.*
Huo niliutunga mimi. Niliupenda.
Alijibu maneno mawili:
*Niko edani.*

Nilikaa na simu mpaka kaa likawa jivu.

Miezi minne na siku kumi.
Hapana hina, hapana manukato, hapana mimi.
Nikalitafuta jina lake kwenye ratiba,
nikafika penye Subiri,
mashine ikauliza: siku ngapi?
Mia na thelathini, nikaandika.
Shangazi alikuwa amesimama begani kwangu.
"Mwezi gani huo wa siku thelathini daima?
Eda haihesabiwi kwa karatasi ya ukutani."
Mia na ishirini na nane, basi. Au tisa.
Mawingu yakitanda usiku wa kuandama, nani ajuaye?
Nilitafuta kitufe cha *mwezi umeonekana*.
Hakuna.
Nikaacha patupu. Pakawa pekundu.

Nikaandika 1.
Kesho yake, kabla ya kufungua dirisha, 1 tena.
Ikawa kama kuumwagia maji mrehani wa shangazi,
hufikirii, unafanya tu.
Wengine wote walikwenda zao wenyewe,
karibu, asante, tumekukosa, punguzo la asilimia kumi.
Yeye nilimbeba mkononi.
Kuna siku homa ilinilaza, nikazinduka
zimebaki dakika sita kufika saa nne kasorobo,
nikatambaa hadi mezani, meno yanagongana,
1.

Sasa mwezi umeandama.
Shangazi ameuona toka darini, ameshuka anajifuta macho, anasema ni vumbi.
"Zimebaki siku kumi," amesema. "Yeo ya kwanza."
Nimeufungua ule ujumbe.
Nimefuta *nyumbani*. Nimefuta *arudi mapema*.
Nimefuta *mfukizie*, na koma yake.
Limebaki neno moja, *mwenyewe*,
limekaa pale katikati ya kioo cheupe
na mimi sina la kulifanya.
Sijalituma. Sijalifuta.
Chini yake, kwenye kisanduku, 1.