Kipande cha Tisa

Miaka sita nimekanda migongo ya mji huu wa Bozeman
kwa diski ileile: vipande kumi na vinne,
piano peke yake, hakuna mwimbaji, hakuna ngoma.
Jaladani ziwa, juu ya ziwa ukungu,
majina ya wapigaji kwa herufi ndogo kama chawa.
Niliinunua duka la vitamini, dola tatu.

Sikuwahi kuisikiliza. Niliitumia
kama mtu atumiavyo taulo.
Kipande cha kwanza: lala kifudifudi.
Cha nne: bega la kushoto.
Cha saba, noti za juu zinadondoka mojamoja
kama theluji inayoyeyuka kwenye mchirizi wa bati;
hapo wengi hukoroma.
Cha kumi na nne: vaa polepole, usisahau soksi.

Dada yangu Corliss husema muziki huu ni maji vuguvugu,
haubani, hauchomi.
Sibishani. Vuguvugu ndilo ninalouza.

Basi Jumanne moja ya Februari,
nje baridi ya kupasua mabomba,
akaja Lyle Tveit, fundi wa piano,
bega la kulia limepanda kuliko mwenzake
kwa miaka arobaini ya kuinamia vinanda vya watu
akikaza nyuzi.
Kinanda, kukanda: tulikuwa tunakula sahani moja
wala hatujuani.

Kilipoanza cha tisa, msuli ulioanza kulainika
ukajikunja mkononi mwangu kama paka.
"Subiri," akasema, uso tunduni mwa kitanda.
"Inakuja. Inakuja... Hiyo!"
Sikusikia kitu.
"Rudisha."
Nikarudisha kwa kiwiko, vidole vyote mafuta.

"Ile fa. Imelegea unywele mmoja.
Kanisa la Walutheri, Livingston, mwaka wa mafuriko.
Pini ilikuwa na ufa; ningeikaza ingekatika,
na yule mama amesimama mlangoni na koti lake,
amelipia ukumbi saa mbili tu.
Nikamwambia, pita nayo taratibu."

Tukarudia mara tatu.
Mara ya tatu nikaisikia:
mtu anashuka ngazi za mbao,
mguu mmoja mfupi kidogo,
naye hana haraka.
Na mwishoni kabisa, kabla ya kimya,
kigoda kinalia kwi,
na mbali, barabarani, lori linabadili gia.

Nilichukua jalada, nikamsomea majina yote
nikiliweka karibu na taa.
"Langu halimo," akasema. "Endelea na bega."

Nikaendelea.
Lakini tangu siku hiyo taulo langu limeharibika.
Ikifika ile noti, kidole gumba husita chenyewe
juu ya mgongo wa mtu aliyelipia saa nzima.
"Kuna nini?" aliniuliza jana mke wa daktari wa meno.
"Fundo dogo," nikamwambia,
"ngoja nipite nalo taratibu."