Dakika Nane

Mwezi naye hufanya kazi kwa zamu:
wake ishirini na saba, nyumba ishirini na saba,
usiku mmoja kwa kila mlango.
Alipompendelea Rohini, mkwewe akamlaani,
akakonda hadi kuwa ukucha.
Hayo alinisimulia Indutai, kitabu cha falaki mapajani,
mke wa mwanawe akiuma shuka kitanda namba tisa.

Nilikuwa muuguzi wa usiku, pale Sangli,
mkononi saa ya kiume ya marehemu kaka yangu.
Mtoto alitoka saa kumi na dakika kumi na mbili, alfajiri.
Wa kike. Kilo mbili na robo tatu.
Alilia hadi mlinzi wa getini akaamka.

Bibi akapekua kurasa, kidole kikasimama.
"Mula," akasema, kama aliyekanyaga mwiba.
Nyumba ya mizizi.
Binti wa Mula, wanasema, humng'oa baba mkwe.
Nani atakuja kuposa?
Na mwezi ulikuwa karibu kabisa kuhama:
kumi na dakika kumi na tisa,
ungekuwa umeshaingia kwa mke mwingine.

Digambar, baba mtoto, mchuuzi wa manjano,
vidole vimekolea rangi hadi ndani ya kucha,
alinifuata kwenye korido.
Hakutoa pesa. Angetoa ningemfukuza.
Aliniuliza tu:
"Dada, hiyo saa yako huwa haichelewi?"

Nikaitazama. Nikaitega sikioni.
Nikaandika: kumi na ishirini.

Basi silabi ya jina ikageuka irabu moja,
Bhi ikawa Bhu,
na mtoto akaitwa Bhuvana.

Mimi nyota siziamini.
Nimepokea pacha waliopishana dakika nne,
mmoja anauza bima,
mwenziwe hakuna ajuaye aliko.

Lakini Bhuvana ameolewa mtaani kwetu.
Nyota zao zilipolinganishwa walipata
alama ishirini na tisa kati ya thelathini na sita;
watu wakapiga makofi, nami nikapiga.
Baba mkwe wake tumetenganishwa na ukuta tu,
mtu mnene, mlalamikaji wa chumvi.
Kila asubuhi hukohoa akipiga mswaki.
Kikohozi kikirefuka, naacha chai yangu ipoe,
nimeshika kiwiko cha mkono usio na saa tena,
hadi nimsikie akiutukana mfereji.